Deki Iliyonuka Ubani

Bibi Tokie Hamasaki aliingia kituoni na deki yake ya video ameifunga kwa kitambaa cha zambarau, fundo juu, kama mtu anayewapelekea wakwe keki. Akaitua juu ya meza ya Sajini Mitsue Kadota, akavuta kiti bila kukaribishwa, akasema:

"Imemmeza mume wangu."

Konstebo Ogushi alikuwa anakunywa chai ya shayiri meza ya pili. Ikampalia.

"Mume mzima, mama?"

"Sauti yake na sura yake. Na shati nililomfulia mimi kwa mikono hii. Mengine yamekwisha zikwa miaka kumi na miwili. Wewe kunywa chai yako, mwanangu, nazungumza na mkubwa wako."

Ogushi alikuwa na miaka hamsini na minane, na mkubwa wake arobaini na sita, na kituo kizima kilikuwa kimekwisha watania kwa hilo hata halikuchekesha tena. Kadota alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, na kwa miaka kumi na minne alikuwa ameliketia dawati la mitumba: saa za wizi, mikoba ya uongo, baiskeli zilizokwanguliwa namba. Osaka ni mji wa watu wanaouziana vitu vilivyokwisha tumika, na kitu kilichotumika kina ulimi. Kazi ya Kadota ilikuwa kukaa nacho mpaka kiseme.

"Anza mwanzo, bibi," akasema.

Bibi Tokie akaanza, na alipoanza hakuacha kitu. Mumewe Eizo aliuza samaki mchana, na kila kiangazi, kwa miaka ishirini, ndiye aliyepanda jukwaani kuimbia ngoma ya mtaa. Jirani mmoja alimpiga picha za video mara moja tu, kwenye ngoma yake ya mwisho. Kanda moja. Deki ya nyumbani ikafa. Jumapili ijayo ni kisomo cha mwaka wa kumi na tatu, maana mwaka wa kifo nao huhesabiwa, jamaa arobaini wanakuja kula na kunywa, na yeye kwa mdomo wake amekwisha watangazia kwamba mwaka huu Eizo atawaimbia mwenyewe.

"Kwa hiyo nikaenda Nipponbashi, duka la Nagura. Nikaambiwa kiwanda cha mwisho kilishafunga, deki haziundwi tena popote duniani, hii ni mpya, ya boksi, haijaguswa na mkono wa mtu. Yeni laki moja na elfu sitini na nane. Nikatoa. Nikaiweka kanda. Ikacheza muda wa kumenya chungwa. Halafu ikalia kama paka aliyekanyagwa mkia, ikazima. Kanda imo ndani mpaka leo. Nagura anasema kanda yangu kuukuu, kosa langu. Mafundi wawili wamesema ili itoke lazima waikate."

"Wamegusa?"

"Waguse niwe wapi?"

Kadota akavaa glavu. Akaipiga deki picha juu, ubavuni na mgongoni, palipokuwa na kibandiko kidogo cha namba yake, tarakimu tisa. Akafungua skrubu nne na kukivua kifuniko taratibu. Kanda ilikuwa imejizungusha kwenye kichwa cha deki kama tambi kwenye kijiti, mikunjo mitatu, kisha ikajibana chini ya gurudumu la kushoto. Haikuwa imekatika. Kadota aliinamisha taa, akatazama pembeni mwa hiyo kanda, mahali ambapo mtu mwenye uchungu wa kanda asingetazama.

Kwenye kona za bati kulikuwa na vumbi la kijivu. Ndani ya vumbi mlikuwa na chembe za kahawia, ndogo kuliko chembe za ufuta. Akaokota moja kwa kibano na kuipitisha chini ya pua. Kisha akampa Bibi Tokie anuse.

"Ubani," akasema bibi papo hapo.

"Kila nyumba ina ubani," akasema Ogushi. "Ilikaa chumba kimoja na madhabahu ya wazee wa nyumba, basi. Kwa hiyo si mpya. Kesi imekwisha, twende tukale."

"Wewe umezika wangapi, mwanangu?" Bibi Tokie akamuuliza. "Nyumbani tunachoma vijiti. Huu si wa kijiti. Huu ni wa kufinya. Huu unafinya kwa vidole vitatu, unaunyanyua kwenye paji la uso, unaudondosha kwenye kaa. Huu ni wa msibani na hekaluni."

"Na chembe nyingine hazijaungua," akasema Kadota. "Zimemponyoka mtu vidoleni kabla ya kufika kwenye kaa. Deki ilikuwa wazi, kifuniko nje, na mtu amesimama juu yake na ubani mkononi." Akarudisha kifuniko. "Halafu ikaingia kwenye boksi la kiwandani, ikafungwa plastiki. Hii deki, Ogushi, ilishafanyiwa maziko."

Akamwandikia bibi stakabadhi. Deki ingebaki kituoni kama kidhibiti.

"Na kanda?"

"Kanda ni yako. Itakuwa mkononi mwako kabla ya Jumapili, nzima."

Ogushi akamtazama. Siku hiyo ilikuwa Jumatano, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumsikia Kadota akimwahidi mtu hata mwavuli.

*

Duka la Nagura lilikuwa na ghorofa tatu, na tangu mlangoni deki zilipangwa kama matofali, kila moja na bei yake kwa wino mwekundu. Tetsuji Nagura mwenyewe alikuwa mtu wa miaka hamsini, mnene, mwenye kicheko cha bure na pete mbili.

"Karibu, dada afande! Unatafuta deki? Kwa polisi napunguza asilimia tano. Kwa huyo mzee wako napunguza sita, anaonekana ana kanda za siri."

"Zangu nilizichoma kabla sijaoa," akasema Ogushi.

Kadota akaweka picha mezani. "Hii ulimuuzia Bibi Hamasaki."

"Nilimuuzia. Akaingiza kanda yenye ukungu. Ukimlisha mtoto mchanga mfupa, akisongwa utamlaumu mkunga?"

"Ilipokuwa inatoka kiwandani iliuzwa elfu kumi na tisa."

"Na leo laki moja na elfu sitini na nane, na mwakani itakuwa laki mbili. Dada yangu, watu wana harusi zao humo ndani ya kanda. Wana watoto wao wakitembea hatua ya kwanza. Kiwanda kimewafungia mlango. Mimi nimefunga? Sijafunga. Sasa nani rafiki wa watu?"

"Unawapenda mpaka unawakamua," akasema Ogushi.

"Bei kubwa si kosa," Kadota akasema. "Kuuza yai kwa bei ya kuku hakuna sheria inayokukataza. Ukiuza yai viza kwa jina la bichi, hapo ndipo tunapokutana. Nipe daftari."

Kila mwenye leseni ya mitumba analo daftari hilo, la kuandika alichonunua, siku gani, na kwa nani, na nakala ya kitambulisho cha muuzaji. Kwa kawaida Kadota akiliomba, mwenye duka huanza kupapasa droo, kumlaumu mkewe, kutafuta miwani. Nagura alilitoa chini ya kaunta na lilikuwa tayari limefunguliwa kwenye ukurasa.

Deki kumi na mbili, mpya, za boksi. Muuzaji: Kiyotaka Morisue, mwenye duka la umeme lililofungwa huko Sakai. Nakala ya leseni yake ya udereva imebandikwa pembeni. Safi kama sahani ya hotelini.

"Umebakiwa na ngapi katika hizo kumi na mbili?"

"Mbili tu. Zimeenda kama maandazi ya moto."

Kadota akashukuru, akainama kidogo, akatoka. Barabarani Ogushi alisubiri mpaka wakavuka taa.

"Umeiona rafu ya nyuma yake?"

"Nimeiona."

"Boksi tisa za aina ileile, bosi. Kumi na mbili toa kumi imebaki tisa. Zimezaa?"

"Zinazaliwa mahali."

"Mbona hukumbana palepale?"

"Ningembana, kesho zingekuwa mbili."

*

Binti ya Morisue alipokea simu kwa mlio wa tatu. Baba yake alikuwa na duka, ndiyo. Lilifungwa, ndiyo. Baba alifariki mwaka juzi, mwezi wa tano. Nyumba ilisafishwa na kampuni ya kuondoa vitu vya marehemu, wakabeba kila kitu, mpaka mkoba wenye vitambulisho vyake.

Kadota akakata simu na kugeuza nakala ya daftari upande wa dirisha. Kwa mujibu wa Nagura, Morisue aliingia dukani kwake mwezi wa kwanza mwaka huu, akauza deki kumi na mbili na kutia sahihi.

"Maiti ana mwandiko mzuri," akasema Ogushi.

"Nagura atasema alidanganywa na mtu mwenye leseni ya kuokota, na mahakama itamwonea huruma. Sitaki aliyeandika. Nataka aliyezitengeneza."

Ogushi alikuwa na wazo, na wazo lenyewe halikuwa baya. Kumbi za mazishi zamani zilikuwa zikionyesha video za marehemu. Ukumbi ukifungwa, deki zake huuzwa kwa jumla. Ubani wa kufinya ungetoka wapi kama si huko? Alhamisi asubuhi wakazunguka kumbi saba. Kwenye wa saba, msimamizi mwenye kipara aliwasikiliza kwa adabu, kisha akawaambia kwamba deki ya mwisho ukumbini pale aliitupa yeye mwenyewe, siku alipokuwa bado anachana nywele. Siku hizi ni kompyuta. Na hata enzi hizo deki ilikaa chumba cha mitambo, ghorofa ya chini, mlango umefungwa.

"Basi nilikosea," akasema Ogushi garini.

"Hukukosea sana. Tulifikiri deki ilikwenda kwenye msiba wa mtu." Kadota alikuwa anatazama nje. "Ilifunguliwa kifuniko. Hakuna anayefungua kifuniko cha deki kwenye msiba wa mtu. Msiba ulikuwa wa deki yenyewe."

"Sasa hapo nani anajua mambo hayo?"

"Mama Shigeno."

Mama Shigeno hakuwa polisi wala mtawa. Alikuwa na kibanda chenye bamba la chuma na viti kumi, na aliwakaangia watu mkate wa kabichi, mayai na ngisi. Saa sita mchana viti kumi hukaliwa na watu kumi na watano, na kisichosemwa pale hakijatokea Osaka. Kadota akajipenyeza katikati ya mshona nguo na dereva wa teksi, akaagiza, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa nani siku hizi anasomea kisomo vitu vilivyokufa.

"Vitu gani?" akasema mshona nguo. "Sindano? Sisi zetu tunazipeleka kila mwezi wa pili, tunazichomeka kwenye tofu zipumzike."

"Wanasesere wanasomewa kule kwa mashemeji zangu."

"Mimi nilisomewa miwani ya baba."

"Enkai, shoga," akasema Mama Shigeno, akigeuza mkate bila kutazama. "Hekalu la Enkai, Hirano. Wale wanapokea hata mashine. Mikrowevu yangu niliipeleka huko, ilinilisha miaka kumi na tisa, ningeitupaje kwenye lori la taka na mimi nina macho? Na kuna mzee mmoja pale, wee, nilimhurumia. Anakuja na deki za video zimefunguliwa matumbo. Anazipanga mstari mbele ya mtawa kama watoto wa shule. Ubani anafinyia kila moja, moja moja, kwa jina."

"Kwa jina?"

"Nimekwambia nilimhurumia. Kula, unapoa."

Kadota alikula nusu na kulipia yote miwili. Ogushi akafungiwa wake kwenye karatasi.

*

Mke wa mtawa wa Enkai, maana watawa wa huko huoa, aliitwa Bi Fumiyo, na alikuwa mwanamke aliyefurahia wageni, na alipogundua kwamba ni polisi alifurahi zaidi. Alileta chai na matango ya chumvi, akataka kujua kwanza nani kafa.

"Hakuna aliyekufa, mama. Kuna mzee anayeleta deki."

"Mzee Orita! Shunkichi Orita. Kila tarehe ishirini na nane. Mtu wa heshima sana huyo, alifanya kazi kiwanda cha deki miaka thelathini na moja, mpaka wakafunga mashine mbele ya macho yake. Kafanya nini?"

"Deki anazileta kutoka wapi?"

"Anazinunua kwa uzito, kutoka kwa wale wanaosafisha nyumba za marehemu. Mbovu tupu."

"Na baada ya kisomo anaziacha hapa?"

"Hapana, anarudi nazo. Nilimuuliza, maana mimi nikiwa na swali silali nalo. Akaniambia: 'Mama, kwenye kumi nikitoa viungo vya saba, napata tatu zinazosimama. Lakini kabla ya kisomo kuchukua kiungo ni wizi. Baada ya kisomo ni urithi.'" Bi Fumiyo akaisema kwa sauti ya mzee mwenyewe, na Ogushi akajikuta ameacha kutafuna.

"Na majina?" Kadota akauliza. "Nimeambiwa anazitaja kwa majina."

Bi Fumiyo akawapeleka nyuma ya ukumbi. Kwenye sanduku la mbao kulikuwa na vibao vyembamba, vya kuandikiwa majina ya wanaosomewa, vinavyosubiri kuchomwa mwisho wa mwaka. Vibao vya wanasesere viliandikwa majina ya wanasesere. Vya mzee Orita viliandikwa kwa brashi, mwandiko wa mkono uliotulia, namba. Tarakimu tisa kila kimoja, na chini yake neno la shukrani.

Kadota alipiga magoti, akavipitia polepole. Cha thelathini na nne akakiweka pembeni, akatoa simu, akafungua ile picha ya kibandiko cha mgongoni. Ogushi alisoma kibao kwa sauti, yeye akafuata kwenye picha. Tarakimu tisa zilikuwa tisa zilezile. Kibao kilikuwa cha mwezi uliopita.

"Angeweza kukibandua kile kibandiko," akasema Ogushi. "Akabandika kingine. Dakika mbili."

"Mtu aliyekusomea kisomo hawezi kukubadilisha jina." Kadota akasimama na kupangusa magoti. "Nagura angeweza. Lakini Nagura hajui kama deki zina majina."

*

Ijumaa saa nne asubuhi walikuwa mlangoni pa karakana ya Orita, nyuma ya bafu la umma. Walikuwa watatu. Kadota alimpigia simu Bibi Tokie kumwomba ruhusa kanda yake iguswe, na bibi akajibu kwamba ruhusa haitolewi kwa simu.

Shunkichi Orita alikuwa mwembamba, miaka sabini na moja, aproni safi, nywele zimekatwa kwa mashine. Karakana ilikuwa chumba kimoja chenye meza, televisheni ndogo, na deki zilizofunikwa kwa taulo. Alizitazama beji, akawatazama, akaweka mito mitatu ya kukalia.

Kadota hakukaa. Aliweka deki juu ya meza, akakivua kifuniko.

"Mzee Orita, kanda ya mama huyu imenasa. Mafundi wawili wamesema wakate."

Orita aliangalia kwa mbali, mikono nyuma. "Deki hii naona ni mpya."

"Boksi lake linasema hivyo."

"Basi irudi dukani."

"Dukani wamemfukuza. Sasa sikiliza, mzee. Kama deki hii ni mpya, wewe huijui, na asiyeijua akiigusa ataikata kanda. Kama unaijua, basi unajua na mahali iliposhindwa. Mimi sikuulizi swali. Naiweka hapa."

Kutoka upande wa bafu walisikia mtu anasukuma ndoo za mbao sakafuni. Ogushi alikuwa ameshika kalamu, haiandiki.

"Anaitwa Eizo," akasema Bibi Tokie. "Alikuwa muuza samaki. Jumapili watu arobaini wanakuja kumsikia."

Orita akamtazama yule mama kwa mara ya kwanza. Akaenda kwenye sinki, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akaikausha kidole kwa kidole. Aliporudi alichukua bisibisi bila kuitafuta.

"Raba ya gurudumu la kushoto," akasema. "Mpya zimekwisha nchi nzima, kwa hiyo niliichemsha ilainike. Nilijua itakaa mwaka. Nilikosea."

"Andika, Ogushi."

"Naandika."

Orita alilizungusha gia kwa ncha ya bisibisi, nukta kwa nukta, kwa kurudi nyuma. Mkunjo wa kwanza ukalegea, kisha wa pili. Aliongea huku macho yakiwa kwenye kanda, na Kadota alimuuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza njia.

"Zinakwenda kwa nani?"

"Nagura."

"Anakulipa?"

"Elfu kumi na tano kwa kila inayosimama."

"Mimi nilitoa laki moja na elfu sitini na nane," akasema Bibi Tokie.

Bisibisi ikasimama. Mkunjo wa tatu ulikuwa bado.

"Mzee," Kadota akasema, "malizia kwanza."

Ikaendelea. Mkunjo wa tatu ukatoka, na Orita akaivuta kanda nje ya deki kwa vidole viwili, akailaza juu ya kitambaa cheupe. Mahali pamoja, upana wa kidole gumba, ilikuwa imekunjika vibaya, rangi imetoka.

"Boksi na plastiki ni zako?"

"Mimi nazitoa uchi, nimezifunika taulo. Niliamini anaziuza kama zilizotengenezwa. Mwezi wa tatu aliniita ghorofa ya tatu, nyuma ya pazia, nikamtengenezee mashine ya kufungia plastiki. Nikaona boksi mpya zimechapishwa, zimepangwa mpaka darini. Pale nilijua."

"Na ukaendelea."

"Nikaendelea. Kila nikiacha, deki zinakwenda kwenye lori la taka."

"Na leseni ya Morisue?"

"Ilikuwa ndani ya mkoba uliokuja pamoja na deki zake. Nilimpa Nagura airudishe kwa wenyewe."

Kadota akamwashiria Ogushi. Konstebo akatoka nje na simu sikioni. Hati ya kupekua duka la Nagura ilikuwa imeombwa tangu jana kwa nguvu ya kile kibao. Ilichokosa ni chumba, na sasa chumba kilikuwa na pazia na ghorofa. Alikuwa amerudi kabla Orita hajafungua chupa ya spiriti.

"Wenzetu walikuwa wanangoja nje ya duka, sasa wako ngazini," akasema. "Nagura amewapa wapekuzi punguzo la asilimia tano."

"Mzee Orita," akasema Kadota, "tutakuomba uambatane nasi kituoni."

"Naelewa." Orita akavua miwani. "Lakini kanda haijaungwa."

"Na Jumapili nani atanichezea?" Bibi Tokie akamgeukia Kadota. "Mnamchukua huyu, deki yangu mnaishika ninyi, mimi niwaonyeshe watu plastiki nyeusi? Ihamishiwe kwenye sahani ya DVD, kama anavyofanya mjukuu wangu. Hapa hapa. Mzee, unaweza?"

"Naweza. Lakini inahamishwa kwa mwendo wake. Kanda ya dakika hamsini inachukua dakika hamsini, haiharakishwi. Na hapa palipokunjika lazima nikate sekunde nne. Samahani sana."

"Onyesha ni wapi."

Orita akaichomeka kwenye deki yake mwenyewe, ya juu kabisa chini ya taulo la buluu, akaipeleka mpaka karibu na jeraha. Televisheni ikawaka. Mtu mfupi mwenye shati jeupe alikuwa jukwaani, taa za karatasi nyuma yake, anamgombeza mtu kwa maikrofoni arudishe bia ya wapiga ngoma. Watu wakacheka humo ndani. Akavuta pumzi, akaanza kuimba, na picha ikachafuka.

"Hapo," akasema Orita.

"Hapo alikohoa," akasema Bibi Tokie. "Kila mwaka anakohoa palepale, nilikuwa nikimwambia asinywe kitu baridi. Kata."

Orita akaitoa, akakata kwa wembe, akaunganisha, akairudisha, akabonyeza ihamie kwenye sahani. Kadota akavuta mto wa kukalia, akakaa. Ogushi naye akakaa, akafungua mkate wake wa jana, akaufunga tena alipoona anatazamwa. Eizo aliimba. Bibi Tokie alikuwa ameketi wima, na kwenye kila kiitikio mikono yake ilipanda na kushuka mapajani, mara mbili kulia, mara moja kushoto, kama wanavyocheza wa mtaa wake. Katika wimbo wa tatu alimgusa Orita bega bila kumtazama, akamwonyesha mahali pa kupiga kofi. Orita akapiga.

Kichwani mwa fomu ya kituo kuna nafasi ya saa ya kumfikia mhusika na saa ya kuondoka naye. Ogushi akaandika ya kwanza, akatazama saa ya ukutani, akanong'ona:

"Bosi, hapa katikati pana saa nzima na ushee. Watauliza. Niandike nini?"

Kadota hakugeuka kutoka kwenye televisheni.

"Andika mhusika alikuwa anarudisha mali ya mlalamikaji."